Mchezo wa majina ya mahali unapokwama kwenye A

Swali: Mwalimu, salaam. Niko Arua. Tulisoma pamoja watu saba, sasa tumetawanyika: mmoja yuko Bunia, mmoja Juba, wawili Mombasa, mmoja Tabora na mwingine Kampala. Karibu kila jioni tunacheza kwa WhatsApp mchezo wa majina ya mahali. Mtu akisema Gulu, anayefuata anaanza na U, tuseme Urambo, na wa baada yake anaanza na O, bila kurudia jina. Shida ni kwamba kila mara tunaishia kwenye A. Tukimaliza Arusha, Accra, Angola na Asmara, kimya. Tena kuna ugomvi. Wa Bunia anaandika Ouganda, wa Mombasa anasema Ujerumani ni halali, mwingine anatuletea Zaire, na tunashukiana kwamba kuna anayechungulia Google. Tufanyeje mchezo usife?

Jibu: Ndugu yangu wa Arua, salaam kwako na kwa wenzako wote sita. Nimefurahi sana kusoma barua yako, kwa sababu mchezo huu unafundisha jiografia kuliko ramani iliyobandikwa ukutani ambayo hakuna anayeitazama. Nautetea kwa moyo wangu wote, na sitaki ufe kwenye simu zenu.

Tuanze na A. Msidhani mnakwama kwa kutojua majina. Sheria mnayoitumia, ya kuchukua herufi ya mwisho, inafaa lugha ambazo maneno yake huishia kwa herufi za kila aina. Majina ya kwetu mengi huishia kwa irabu, na irabu inayoongoza ni A. Chukua mikoa ya Tanzania Bara. Iko 26, na 17 kati yake inaishia na A: Dodoma, Geita, Iringa, Kagera, Kigoma, Tabora, Tanga na mingine. Inayoanza na A ni mmoja tu, Arusha, nao unaishia na A. Kenya ni vivyo hivyo. Katika kaunti 47, zinazoishia na A ni 16, kuanzia Bungoma na Busia hadi Turkana na Vihiga, na hakuna hata moja inayoanza na A. Sasa watu wawili wako Mombasa na mmoja yuko Tabora, kila mmoja akitaja majina ya kwao. Wanawamiminia A usiku kucha, na hawana cha kuwatoa humo.

Hesabu ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1736 Leonhard Euler alijibu swali lililowasumbua watu wa mji wa Königsberg. Mji ule ulikuwa na madaraja saba juu ya mto Pregel, na watu walitaka kujua kama mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja tu. Euler alionyesha kwamba haiwezekani, na sababu aliyoitoa inawahusu ninyi moja kwa moja. Ichukulie kila herufi kuwa kipande cha nchi kavu, na kila jina kuwa daraja linalotoka kwenye herufi yake ya kwanza hadi ya mwisho. Ujiji ni daraja la kutoka U hadi I. Iringa ni daraja la kutoka I hadi A. Kwa kuwa hamrudii jina, kila daraja linavukwa mara moja. Kila mkiingia kwenye A kwa daraja moja, inabidi mtoke kwa jingine. Madaraja ya kuingia yakiwa mengi kuliko ya kutoka, mwisho wake unajulikana hata kabla hamjaanza.

Angalia tena orodha uliyoniandikia: Arusha, Accra, Angola, Asmara. Yote yanaanza na A na kuishia na A. Majina ya namna hiyo yanamwokoa anayeyataja, lakini anayemfuata anabaki na A ileile. Ongezeni Ankara, Abuja, Albania, Algeria, Australia na Alexandria, bado mtakuwa mnazunguka palepale. Mkwamo wenu unaahirishwa, hauondoki.

Wakati huohuo kuna herufi zilizojaa majina ambayo hamwahi kuyataja. Kwa Uganda peke yake, K inaanza Kampala, Kasese, Kabale, Kisoro, Kamuli, Kumi, Kotido na Kitgum. B inaanza Bugiri, Bushenyi, Bududa, Budaka, Butaleja na Bukedea. Majina mengi ya kusini, mashariki na magharibi yetu yamejengwa kwa viambishi vya Bu-, Ka- na Ki-, ndiyo maana herufi hizo zina mali nyingi. Lakini ni nani atakayewapa jina linaloishia na B? Mpaka mtu afike Zagreb! Mnaweza kucheza mwaka mzima Bushenyi isipate zamu.

Dawa ya kwanza mnayo nyumbani, nayo ni kaskazini ya Uganda. Wilaya za Uganda zinazoanza na A ni kumi: Abim, Adjumani, Agago, Alebtong, Amolatar, Amudat, Amuria, Amuru, Apac na Arua yenyewe. Zote ziko kaskazini au kaskazini-mashariki, katika nchi za Waacholi, Walango, Wateso, Wakaramoja na majirani zenu wa Nile Magharibi. Huko hata majina ya watu huanza na A na O: Akello, Apio, Okello, Opio. Katika hizo kumi, ni Amuria na Arua tu zinazorudi kwenye A. Nane zilizobaki zinawatoa. Abim inampa anayefuata M, Adjumani I, Agago O, Alebtong G, Amolatar R, Amudat T, Amuru U, na Apac inampa C, ambayo kwa Kiswahili mtaisoma kama CH, kwa hiyo Chunya na Chalinze ziko tayari. Mji wa Atiak, ulio njiani kwenda mpaka wa Elegu, unampa K, na hapo ndipo Kasese na wenzake wanapata nafasi.

Upande wa pili wa mpaka, si mbali nawe, kuna mji wa Aru, unaowapeleka U. Wa Bunia anaujua vizuri, na kama hajautaja bado, anawawekea siri. Wa Juba naye ana Aweil, unaowapeleka L.

Kaskazini inawasaidia kwa njia nyingine pia. Majina yake mengi huishia kwa konsonanti: Kitgum, Oyam, Pader, Kaabong, Napak, Nakapiripirit, Pakwach. Wilaya zetu nne zinazoanza na O, yaani Oyam, Otuke, Omoro na Obongi, ziko hukohuko. Mchezaji anayeijua kaskazini ya Uganda ana nguvu katika mchezo huu kuliko anayejua miji mikuu yote ya Ulaya. Kwa hiyo wewe wa Arua usikubali kufundishwa na watu wa Mombasa.

Hata hivyo madaraja nane hayawezi kuondoa maji ya mikoa 17 na kaunti 16. Mtaongeza siku za mchezo, kisha A itawarudia. Kwa hiyo nashauri mbadilishe sheria yenyewe.

Warusi wana mchezo kama huu wa kutaja miji, nao wanakutana na shida ya aina hiyo, kwa sababu katika alfabeti yao zipo herufi zinazokuja mwishoni mwa majina lakini haziwezi kuanza jina. Jina likiishia kwa herufi ya namna hiyo, wao huiruka na kuchukua iliyo kabla yake. Ninyi mnaweza kukubaliana kwamba A ikiisha, mnarudi herufi moja nyuma. Arua itawapa U, Masaka itawapa K, Mbarara itawapa R, Jinja itawapa J. Ni sheria rahisi na haina haja ya maelezo marefu. Itumieni kama mna mchezaji mgeni au mtoto.

Lakini ninayoipenda, na ambayo ningewasihi mjaribu hata kwa wiki moja, ni kucheza kwa silabi. Wajapani wana mchezo wa maneno uitwao shiritori, ambao unafuata silabi kwa sababu mwandiko wao wenyewe unakwenda kwa silabi. Lugha zetu zimeumbwa kwa ajili ya jambo hilo. Mtoto wa Kiswahili anaanza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu, na sikio lake linakata Kampala kuwa Ka-mpa-la bila kufundishwa. Basi anayefuata achukue *la*, si *a*. Hapo kuna Lamu, Lamwo, Lagos, Lahore, Laos. Lamu inampa mwingine *mu*, na majina ya Mu- ni mengi ajabu: Mukono, Mubende, Mutukula, Musoma, Muleba, Muyinga.

Tazama mnyororo mmoja niliouunda kwa njia hiyo: Kampala, Lamu, Musoma, Masindi, Dire Dawa, Wakiso, Soroti, Timbuktu, Tunduru, Ruyigi, Gitega, Gaborone, Nebbi, Biharamulo, Lodwar. Umepita Uganda, Kenya, Tanzania, Ethiopia, Mali, Burundi na Botswana, na hakuna mahali ulipolazimika kuomba A. Muhimu zaidi, Biharamulo na Tunduru yamepata kutajwa. Kwa sheria ya herufi moja majina ya namna hiyo hayana thamani yoyote ya pekee, ila kwa silabi ni hazina, kwa kuwa anayepewa *tu* au *bi* lazima ayatafute kichwani.

Mtakutana na vikwazo vitatu, nami nawapa uamuzi wangu mapema ili msigombane.

Cha kwanza ni silabi zenye N au M mbele: *nga*, *mbe*, *ndi*, *nja*. Kwa kanuni, Iringa ni I-ri-nga, na mwenye ujuzi atajibu Ngara, iliyo mkoani Kagera. Njombe na Yumbe zitajibiwa kwa Mbeya. Gomba itajibiwa kwa Mbarara, Mbabane au Mbandaka. Ukiweza kujibu hivyo, upewe pointi mbili. Usipoweza, uruhusiwe kuidondosha N au M na upate pointi moja: Masindi ijibiwe kwa Dire Dawa, Jinja ijibiwe kwa Jakarta au Japani. Vivyo hivyo kwa *rwa* na *nyi*. Kapchorwa ikitajwa, aliyesoma ramani atasema Rwamagana au Rwampara. Bushenyi ikitajwa, atasema Nyiragongo, ule mlima wa volkano ulio juu ya mji wa Goma, uliolipuka mwaka 2002 na tena 2021. Huyo mpeni pointi zake mbili bila ubishi.

Cha pili ni majina yanayoishia kwa konsonanti, kama Lodwar, Kitgum na Dar es Salaam. Hapo chukueni herufi ya mwisho peke yake, na anayefuata awe huru kuweka irabu anayotaka. Lodwar inampa R: Rakai, Rombo, Rufiji, chochote.

Cha tatu ni majina kama Arua, Bunia, Busia na Amuria, ambayo silabi yake ya mwisho ni *a* tupu. Haya bado yatawapeleka kwenye A, na huko ndiko mtazitumia zile wilaya nane za kaskazini. Sasa zitatosha, kwa kuwa hamtakuwa mnazitafuta kila baada ya zamu mbili.

Nije kwenye ugomvi wenu. Swali la Ouganda na Ujerumani lina jibu moja. Nchi, bahari na mabara yatajwe kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha inayowaunganisha ninyi saba. Miji, wilaya, mito na milima iandikwe kama wenyewe wanavyoandika mahali hapo. Kwa hiyo Ujerumani ni halali, pamoja na Ureno, Ubelgiji, Uholanzi, Ugiriki, Uturuki na Uswisi. Hilo litawafaa mkiendelea na sheria ya herufi, kwa sababu Gulu, Kisumu, Nakuru na Bukavu zinawaletea U kila siku. Ouganda ni tahajia ya Kifaransa, na ndugu wa Bunia aiweke kando. Lakini msimsahihishe anapoandika Rutshuru au Tshikapa. Hivyo ndivyo miji hiyo inavyoandikwa kwao, na mtu wa Tabora hana mamlaka ya kuibadilisha. Kwa kanuni hiyohiyo Entebbe ina B mbili. Mpakani, upande wetu ni Katuna na upande wa Rwanda ni Gatuna, kwa hiyo ni majina mawili.

Busia iko Uganda na iko Kenya. Mutukula iko Uganda na iko Tanzania. Bunagana iko Uganda na iko Congo. Jina linaloandikwa sawa lihesabiwe mara moja tu, hata kama ni miji miwili yenye serikali mbili. Mkiruhusu mara mbili, mtafungua mlango wa kila Victoria duniani, na hamtatoka.

Zaire sasa. Nchi hiyo ilikuwa na jina hilo kuanzia 1971 hadi 1997. Najua wengi wangeyakataa majina ya zamani yote, lakini mimi ningeyapokea kwa sharti. Anayelileta aseme mahali hapo panaitwaje leo na jina lilibadilika lini. Stanleyville ni Kisangani tangu 1966, na mwaka huohuo Léopoldville ikawa Kinshasa na Élisabethville ikawa Lubumbashi. Rwanda ilibadilisha majina ya miji yake mwaka 2006: Ruhengeri ikawa Musanze, Gisenyi ikawa Rubavu, Butare ikawa Huye. Hata Königsberg ya Euler ni Kaliningrad tangu 1946. Na hapa Uganda, mwaka 1973 Ziwa Edward lilipewa jina la Idi Amin Dada, kisha likarudishiwa jina lake. Asiyejua mwaka wala jina jipya, jina lake likataliwe. Na mahali pamoja pasitajwe kwa majina mawili katika mchezo mmoja: aliyesema Butare amefunga Huye.

Wewe wa Arua unaona mambo haya yakitokea mbele ya macho yako. Madi-Okollo ilimegwa kutoka wilaya yenu mwaka 2019, Terego ikafuata mwaka 2020, na mwaka huohuo Arua ikapandishwa kuwa jiji pamoja na Gulu, Mbale, Mbarara, Masaka, Jinja na Fort Portal. Wenzako wenye ramani za shule za zamani hawana Terego wala Obongi. Msiwakatalie watu majina mapya kwa sababu hayapo kwenye atlasi ya mtu.

Vijiji vimekuwa chanzo cha ugomvi kila mahali mchezo huu unapochezwa, na najua kwenu vitakuja hata kama hukuvitaja. Kijiji kikubaliwe kama kinaonekana kwenye ramani yoyote au kama wachezaji wawili wanakijua bila kuulizana. Maneno ziwa, mto na mlima yasihesabiwe kuwa sehemu ya jina. Ziwa Albert linaanza na A. Lakini Fort Portal inaanza na F, kwa sababu Fort ni sehemu ya jina lenyewe, lililotokana na ngome iliyopewa jina la Mwingereza Gerald Portal.

Kuhusu kuchungulia Google, msipoteze nguvu kuwinda wezi. Hamwezi kumwona mtu wa Juba anashika nini mkononi. Nashauri mruhusu ramani na mkataze orodha. Anayefungua ramani akatembeza kidole kutoka Lira kwenda Apac, akaona Oyam iko karibu, amejifunza, na huyo simwiti mwizi. Anayeandika «miji inayoanza na A» akanakili jina la kwanza hakujifunza kitu. Ili kuwatofautisha, kila jina liende na sentensi moja inayosema liko wapi na linapakana na nini, kwa ujumbe wa sauti, si kwa maandishi. «Ngara, Tanzania, karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi.» Inatosha. Aliyenakili orodha ataanza kusitasita, na mtamsikia. Zaidi ya hapo, mtu wa Mombasa ambaye hajafika Karamoja atasikia jina la Amudat kutoka kwenye kinywa cha rafiki yake, litamkwavyo, na halitamtoka tena.

Mwamuzi awe mmoja kwa kila mchezo, kwa zamu, na jioni hiyo asicheze. Uamuzi wake usibishaniwe mpaka mchezo uishe. Kundi la watu saba likiwa na waamuzi saba halifiki hata Timbuktu.

Kuhusu muda wa kujibu, msiweke dakika moja au mbili. Kuna anayekatikiwa umeme, kuna aliyeishiwa bando, na si haki apoteze zamu kwa hilo. Mpeni kila mtu hadi saa hiyohiyo kesho yake, na anayekosa aruke zamu tu, asitolewe. Kama mnapenda kucheza moja kwa moja jioni, kumbukeni kwamba saa zenu hazilingani. Arua, Kampala, Mombasa na Tabora zina saa ileile. Bunia iko nyuma kwa saa moja ingawa ni jirani yako, na Juba nayo imekuwa nyuma kwa saa moja tangu tarehe 1 Februari 2021, Sudan Kusini ilipobadilisha majira yake. Mkipanga saa tatu usiku ya Arua, hao wawili waambieni saa mbili.